Kigingi cha Thelathini na Moja

Mwaka umetimia, Mwalimu wetu, tangu asubuhi ile ulipofunga mkoba wako, ukasema kichwa kinakuuma kidogo, ukarudi kuketi kitandani na hukuinuka tena. Tunamshukuru Mungu kwa siku zote alizotuazima. Tulidhani kufikia leo tungekuwa tumeelewa mambo. Hatujaelewa, na ndiyo maana tunakuandikia.

Kwa miaka ishirini na miwili ulifundisha darasa la watoto wadogo, na ya darasani ulikuja nayo nyumbani. Ukitaka tunyamaze mezani ulipiga makofi mawili, nasi watu wazima tukanyamaza. Penseli ilikaa kwenye nywele zako hata kwenye harusi za watu. Magauni yako yote yalichakaa magotini, kwa sababu hukuzungumza na mtoto ukiwa umesimama. Mama yako aliyatia viraka huku akiuliza kama kazi yako ni kufundisha au kupiga deki. Jumapili jioni ulichonga penseli thelathini mezani, na Jumatatu binti yenu alikuwa bado anatoa maganda ya penseli kwenye sukari.

Watoto wa darasani walikuwa hawajajua kusoma, kwa hiyo kila mmoja ulimpa picha yake. Uliibandika juu ya kigingi cha kutundikia mkoba, na chini yake ukaandika neno kwa mkono wako. Asubuhi hukuita majina, uliita picha. Jogoo? Nipo. Kikombe? Nipo. Mwavuli? Nipo. Vigingi alivichonga mumeo, fundi seremala. Watoto walikuwa thelathini, lakini kila vilipochakaa ukaagiza vipya, uliagiza thelathini na kimoja. Alikutania kwamba mwalimu mzima hesabu inakupiga chenga. Ukamjibu, "Wewe chonga tu, fundi." Naye akachonga.

Mwanzoni mwa muhula huu ilikuja barua kutoka kwa mwalimu mkuu. Mumeo aliigeuza mkononi, akaikunja, akaikunjua, mwisho akampa mdogo wako amsomee. Unajua mwenyewe kwamba utotoni mumeo alisoma muhula mmoja tu, na siku ile ulipomgusia masomo ya jioni ya watu wazima alinuna wiki nzima. Hukulirudia tena neno hilo.

Barua ilisema kwamba kigingi cha mwisho, chenye picha ya birika, hakina mtoto. Kila asubuhi mwalimu mpya huita "Birika?" na darasa zima hujibu, "Hajafika, yuko njiani." Ndivyo ulivyowazoesha, na wakubwa wakawafundisha wadogo. Sasa mzazi mmoja amelalamika kwamba watoto wanamwita mtu asiyekuwepo. Kama familia inajua Birika ni nani, iseme. Kama haijui, muhula ukiisha kigingi kitang'olewa.

Hatukujua. Mumeo alishikwa na fikra mbaya. Aliishi nawe miaka yote hiyo, na kumbe kulikuwa na mtu uliyemngoja kila asubuhi ambaye yeye hamfahamu. Alikwenda kwa mama yako, akazungumzia mvua, akazungumzia magoti yanayouma, mwisho akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtoto aliyefichwa.

"Mwanangu," mama yako akasema, "mimi nilizaa wawili, na yeye alizaa mmoja. Hakuna wa kufichwa. Kunywa chai hiyo, inapoa."

Mdogo wako alisema haoni ugumu wowote. "Birika ni wewe, shemeji. Ukikasirika unatoa mvuke mpaka kifuniko kinaruka, kisha unapoa mwenyewe." Tulicheka, yeye hakucheka. Binti yenu alidhani labda ni mtoto yeyote atakayeletwa kwa kuchelewa, maana hukupenda mtoto aje akute hana mahali pake. Mumeo alipiga magoti akamwomba Mungu amwonyeshe lipi ni kweli. Hakuonyeshwa. Alichobaki nacho ni aibu ya kusomewa barua yake mwenyewe, na aibu hiyo ndiyo iliyompeleka masomo ya jioni.

Hakujua kwamba masomo hayo hufanyika katika chumba chako. Alikuta watu wazima kwenye viti vidogo, magoti yamekaribia videvu, na aproni za watoto zimetundikwa kwenye vigingi vyote isipokuwa kimoja. Alikitambua, akaogopa kukigusa. Wiki tano kofia yake ilikaa pajani. Wiki ya sita mwalimu wa jioni akamwambia aitundike, mbona anaandika huku mkono mwingine umeshika kofia. Akaitundika. Wenzake wakinakili ubaoni, macho yake yakapanda juu ya kofia. Akatamka moyoni bi, akatamka ri, akatamka ka. Lilikuwa neno lako, kwa mwandiko wako, na hakuna aliyemsomea. Darasa lilipokwisha akatoka kichwa wazi, akafika nyumbani bila kujua amepita njia gani.

Kesho yake mwalimu mpya wa darasa lako alikuja karakanani kwa mumeo na kofia ile mkononi. Alisema asubuhi aliita picha kama kawaida, na alipofika kwa Birika watoto wakageuka kutazama kigingi. Kisha msichana mdogo mwenye kigingi cha kikombe akasimama.

"Amekuja, Mwalimu. Kofia yake ile pale."

Darasa likapiga makofi mawili. Mwalimu alikiri kwamba hakujua aweke alama gani kwenye daftari la mahudhurio. Mumeo akamwambia aweke yoyote, kisha akainama kutafuta randa ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Mwalimu mkuu hakuandika barua nyingine. Alituma neno tu kwamba kama kigingi kimepata mwenyewe, kibaki.

Lakini sisi bado tumechanganyikiwa. Kama ulikuwa ukimngoja yeye, mbona hukumwambia? Na kama hukuwa ukimngoja yeye, amekaa mahali pa nani? Mumeo anayauliza haya katika sala zake, na huku anaendelea na masomo. Kofia aliirudisha kigingini na haichukui tena, kwa sababu watoto huitafuta kila asubuhi. Anafanya kazi kichwa wazi, na nywele zimejaa vumbi la mbao. Wiki iliyopita alichonga kigingi kingine, cha thelathini na mbili, akakipigilia mwishoni bila picha. Kama tumekosea, basi huyo mwingine akija akute pake.

Wanaokukumbuka ni mumeo, mama yako, mdogo wako, binti yenu, na watoto thelathini wa darasa lako. Hutatutoka moyoni. Nawe huko uliko ukituita, Mwalimu, jibu letu unalijua. Hatujafika, tuko njiani.