Wanaoitana Ndani ya Mguu wa Mama

Jumapili, mwezi wa tatu. Mvua tangu alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha ya wodi.

Nimechoka. Nasema hivyo mapema ili nisijifanye jasiri hapa. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, miguu imeloa, na simu inakaribia kuzima.

Daktari anataka jibu kesho asubuhi. Ama tukubali mguu wa kushoto wa Mama ukatwe chini ya goti, ama tujaribu dawa nyingine na kusubiri, na huko kusubiri kunaweza kumuua. Alinieleza kwa upole. Ni kijana aliyehamishiwa huku kutoka Mwanza, bado anatetemeka kwa baridi yetu. Ningependa angekuwa mkali, nipate mtu wa kumchukia.

Ilianza na jembe. Mama alijikata karibu na kidole gumba akichimba ngoro, yale mashimo tunayolimia kwenye miteremko huku Umatengo. Jeraha dogo tu. Mama mdogo akafungua vidonge vya rangi mbili, akamwagia ule unga, kama wanavyofanya karibu watu wote ninaowajua. Juu pakakauka. Mama akasema amepona, na hakuna aliyejua kwamba ana sukari.

Halafu msimu wa ngokela ukafika. Kwa asiye wa kwetu, ngokela ni majirani wanaolimiana: leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba anapika. Majani yalikuwa yameshalazwa, yanangoja kufukiwa udongo ili maharage yapandwe. Mama hajawahi kukosa. Aliingia matopeni peku, siku baada ya siku, kwenye mashamba ya wenzake, ili siku yake ikifika nao waje.

Siku yake haijafika.

Tulipomleta hapa, gozi ya kufungia kidonda ilitoka na usaha wa kijani wenye harufu ya utamu utamu. Mimi nafundisha Biolojia, sekondari, Mbinga mjini. Rangi ile niliitambua kabla maabara hawajasema neno.

Kila mwaka nasimama ubaoni nikiwaambia wanafunzi kwamba bakteria hawana midomo lakini wanaambiana. Kila mmoja anatoa kemikali kidogo. Wakiwa wachache, inapotea bure. Wakizidi kuongezeka, inajaa, wanaihisi, na hapo wanabadilika wote kwa pamoja: wanaanza kumwaga sumu, wanajifunika utando ambao dawa haiupenyi vizuri. Kabla ya hapo wanakaa kimya, mwili usiwastukie. Wanafunzi hucheka, nami hucheka nao. Nilikuwa naliona somo tamu.

Somo tamu! Mungu anisamehe.

Mara ya kwanza maabara walikuta aina mbili kwenye kidonda. Safari hii imebaki moja, hiyo ya kijani, ambayo inajua kutoa sumu ya kuwamaliza majirani zake. Kumbe hata wao wanagombania mguu wa Mama, na mshindi ameshapatikana. Nimewahi kusoma kwamba kuna watu wanaotafuta dawa ya kuwaziba masikio, wasisikiane, wasijue kama wametosha. Dawa hiyo haipo kwenye kabati la wodi hii. Ninachokijua chote hakimsaidii Mama chochote.

Nilimpigia kaka yangu, yuko Mbaha, huko ziwani. Barabara imekatika kwa mvua, hawezi kupanda. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea, lakini hili nililisikia vizuri: "Wewe ndiye uliyesoma, dada. Amua." Nilitamani kuitupa simu kwenye matope.

Mchana Mama aliniita karibu na kitanda. "Mwanangu, hao wadudu wananifanya nini? Niambie vizuri, mimi si mtoto."

Nikamweleza kwa Kimatengo, na sikupata mfano mwingine zaidi ya ngokela. Nikasema mmoja peke yake hachimbi. Anaita, anangoja, wenzake wakishatosha ndipo majembe yanashuka pamoja. Nilidhani namtuliza. Nilitaka ajue kwamba si uzembe wake, kwamba walikuwa wamejificha chini ya ngozi iliyokauka.

Akauliza, "Mkubwa wao ni nani?"

"Hawana mkubwa, Mama."

"Akifa mmoja?"

"Wengine wanaendelea."

Akacheka kidogo, kicheko ambacho sijakisikia tangu tufike hapa. "Basi hiyo ni ngokela kweli. Hawaondoki mpaka shamba liishe. Mwambie daktari akate."

Nilikuwa nangoja akatae. Hilo ndilo ninalokiri leo. Nilitaka akatae ili nami nikatae nyuma yake, tusubiri, tuombe, tudanganyane siku mbili tatu. Badala yake nimemfundisha vizuri mno. Nilitoka nikaenda bombani, pale wanapofulia wauguzaji, nikalia kwa sauti mbele ya watu nisiowajua. Mama mmoja aliacha kufua, akanishika bega mpaka nikamaliza.

Jioni hii amepiga simu Mama Ndunguru, anayeongoza kundi lao la ngokela. Jumatano wanakwenda kwenye shamba la Mama. Hakuna wa kupika, kwa hiyo kila mtu atabeba chake. Kisha akasema, "Tunauliza jambo moja tu, mwalimu. Ule mstari wa juu, anaouchimbaga mwenyewe kila mwaka, tuuchimbe au tumwachie?"

Nikamwambia nitamjibu.

Nimekaa na swali hilo mpaka giza limeingia. Mteremko ule mtu mwenye miguu miwili anaupanda kwa kushika majani. Najua Mama atakavyosema nikimwuliza. Atasema wauchimbe, maharage hayamngoji mtu. Kwa hiyo sijamwuliza.

Kesho asubuhi nitaweka sahihi yangu mguu ukatwe.

Simu imebakiza chaji kidogo. Nimemwandikia Mama Ndunguru neno moja: mwachieni.