Kindi Amepita kwa Kamba ya Nguo

Jumamosi, baada ya chakula

...na bado nacheka.

Yale mabati niliyozungushia shina la avokado kumzuia kindi yamefanya kazi! Leo kindi alipanda, akafika kwa mabati, akateleza mpaka chini. Akajaribu tena, akateleza tena. Nilipiga makofi kama niko kanisani. Nikamwita jirani yangu Mama Njeri aje aone adui akiaibishwa.

Tukiwa tumesimama hapo, kindi akapanda nguzo ya kamba ya nguo. Akatembea juu ya kamba pole pole, akapita suruali za mume wangu, Baba Kevo, akaingia kwa mti. Akang'ata avokado akituangalia.

"Kumbe ulimwekea daraja," Mama Njeri akasema.

Ni mimi niliyetaka kamba ifungwe kwa huo mti. Mume wangu alikataa, nikanuna wiki nzima. Leo alishika tu kikombe cha chai, mabega yakitingika kwa kicheko.

Mti unazaa mara ya kwanza na zimebaki avokado nne. Naogopa sitaonja hata moja.

Kamba nimeifungua. Suruali ya kanisa ya Baba Kevo iko kwa kiti, inadondosha maji, na kwa baridi hii ya Eldoret haitakauka. Kesho tuone nani atacheka.