Upepo Unaotoka Chini ya Mbao

Bellevue, Johannesburg

Mdogo wangu Nabintu,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote wanaokaa nawe. Macho yako yanaendeleaje na hiyo miwani mipya? Sisi tupo, ila wifi yako kifua kimembana tangu baridi ilipoanza.

Nyumba yetu hii ya zamani imegawanywa vyumba vitano, na mita ya umeme ni moja, sote tunachanga kununua umeme. Hita yetu ndiyo inayoumaliza upesi. Wapangaji wakakaa kikao. Mama Aline, msusi kutoka Bujumbura, akaniambia waziwazi: "Papa Neema, pole kwa mgonjwa, lakini tunakaa gizani kwa ajili ya hita yenu. Tunawapa wiki moja, kisha muizime." Nikakubali, maana ana mtoto mchanga.

Basi nikajiuliza: joto lote hili huenda wapi? Nikawasha mshumaa, nikaupitisha kandokando ya dirisha nione moto utalalia upande gani. Ukasimama wima. Wifi yako akacheka hadi akakohoa.

"Kila mwaka unabandika magazeti dirishani kama mtu anayezuia wezi! Mimi nikipiga magoti kusali, baridi inanipanda kutoka chini."

Nikauweka mshumaa sakafuni. Ukazimika papo hapo. Tukafunua zulia: mbao zimeachana, kidole kinapita, na chini yake ni uwazi mtupu unaovuma. Kwetu sakafu ni saruji au udongo. Haikunijia akilini kwamba nyumba inaweza kuwa tupu chini. Miaka yote hii nimelala juu ya upepo!

Nilitaka kuziba matundu ya ukutani kwa nje, yanayoingiza upepo huo chini ya sakafu, lakini jirani yetu seremala akanikataza, mbao zitaoza zikikosa hewa. Hivyo tukasokota vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye cherehani yangu, tukavisukumiza kati ya mbao kwa ncha ya kisu, tukatandika maboksi, kisha zulia. Jioni hiyo tuliwasha hita kwa muda mfupi tu, na joto likakaa. Wifi yako akalala bila kukohoa.

Wiki ilipokwisha Mama Aline alikuja, akavua kandambili, akasimama katikati ya chumba.

"Eish! Sakafu yenu ina homa?"

Wifi yako akaichomoa hita, akamkabidhi. "Mpelekee mtoto."

Nisalimie shangazi yetu, na wapwa wangu ambao sijawaona. Binti yetu Neema anawasalimu. Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza.

Niambie jambo moja: pale nyumbani kwa baba, upepo huingilia wapi? Nimejaribu kukumbuka, nakumbuka milango tu.

Kaka yako akupendaye,
Bahati