Vile Baba Anapumzika

Jumamosi, 8 Februari

"Mzazi anayemzuia mtoto kwenda ng'ambo anaogopa mtoto asimpite." Maneno ya Onchiri, mdogo wa marehemu mume wangu, leo Sabato kanisani baada ya mahubiri. Aliyasema akinitazama mimi. Waumini wakaitikia amina.

Uongo. Kwanza, binti yangu Bosibori alishanipita zamani. Ana digrii ya kufundisha Kiingereza. Mimi nina diploma ya Kiswahili na mdomo. Pili, sijamzuia. Nimeuliza maswali matatu tu: nani atashika pasipoti yake, viza itasema kazi au utalii, na akiugua nani atalipa hospitali. Siku hizi kuuliza ni kuzuia. Tatu, Onchiri ana vijana wake nyumbani, wote wamesoma, na hakuna hata mmoja aliyempeleka kwa wakala huyo wa kazi za ng'ambo. Ng'ambo inafaa sana watoto wa marehemu.

Kamati ya kuchanga tiketi imeundwa palepale. Onchiri mwenyekiti. Watu ambao hawakutoa hata mkungu wa ndizi Bosibori alipofukuzwa chuoni kwa karo, leo wameinua mikono na kuahidi kwa sauti. Nimekasirika hadi nikasahau mwavuli wangu kwenye benchi.

Jumatatu, 10 Februari

Insha za Kidato cha Pili. "Mzazi Ninayempenda." Kosa lilelile la kila mwaka. "Baba yangu alininyonyesha mpaka nikaota meno." "Baba alikuwa na mimba yangu na bado alichuma chai." Katika Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Mtoto wa huku kwetu Gesima akiandika Kiswahili kwa haraka, baba yake anajifungua. Walimu wageni hucheka mpaka wakalia. Mimi nimechoka kucheka. Kalamu nyekundu, duara, ukurasa unaofuata.

Bosibori naye, na digrii yake, huniita Baba. Huyo simsahihishi.

Amerudi jioni kutoka shambani, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Mtu aliyesomea kufundisha. Serikali haijamwajiri. Shule ya binafsi kule Masimba ilimlipa nusu mshahara, kisha ikaacha kumlipa kabisa, kisha mkurugenzi akaanza kumwita ofisini watoto wakishaenda nyumbani. Aliacha kazi. Nilikwenda pale nikamtukana yule mkurugenzi mbele ya wazazi. Haikusaidia. Lakini nisijidanganye kwamba hapa kuna usalama na kule kuna hatari. Hapa kuna hatari bila mshahara.

Jumatano, 12 Februari

Kisii mjini. Ofisi ya wakala iko juu ya duka la magodoro. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa. Kazi ni kufundisha watoto wadogo Kiingereza katika jiji moja la Asia. Mshahara mara tano ya wangu, mimi niliyekula chaki maisha yangu yote. Nyumba bure.

Nikauliza maswali yangu. Pasipoti hutunzwa na mwajiri, "kwa usalama". Viza ni ya utalii kwanza, itabadilishwa hukohuko. Hospitali? "Mama, wasichana wetu hawaugui."

Usalama wa nani? Anayefungia pasipoti ya mtu mzima kabatini halindi mtu. Analinda mali yake. Nilimwambia hivyohivyo. Akatabasamu, akanifungulia soda. Nikainywa. Nilikuwa na kiu, na najichukia kwa hilo.

Njiani Bosibori alikuwa amefura.

"Baba, umeniaibisha."

"Nimeuliza tu."

"Unaandikia magazeti kila wiki juu ya haki za walimu. Nani ameajiriwa kwa sababu ya barua zako? Nitaje mmoja."

Barua huchapishwa. Watu hunipongeza stejini nikisubiri matatu. Basi.

Alhamisi, 13 Februari

Nikisema ule mshahara haunitamanishi nitakuwa mwongo kuliko Onchiri. Jana niliota paa jipya. Mabati mekundu. Nimeamka nikiwa na hasira na ndoto yangu mwenyewe.

Naona sasa jinsi mtego unavyofanya kazi. Hawahitaji kutudanganya sana. Umaskini wetu unawamalizia sentensi.

Jumamosi, 15 Februari

Baada ya ibada tulikusanyika kwa Onchiri. Wakala alikuja na video. Ni Nyaboke, binti wa Mokaya mwenye duka la mbegu na mbolea pale Masimba. Nilimfundisha sekondari. Ameshakuwa huko mwaka na zaidi, aliondoka tukiwa hatujamaliza kukausha machozi ya matanga ya mama yake. Kwenye video amesimama mbele ya ubao mweupe, blauzi safi. Anasifu kazi kwa Kiingereza laini kabisa. Kisha mwishoni, kwa Kiswahili:

"Wazazi, msiwe na wasiwasi. Napumzika vizuri huku, vile baba anapumzika huko nyumbani."

Makofi. Mama mmoja akasema Mokaya ana bahati, amezaa binti mwenye kumbukumbu.

Mokaya hapumziki. Kila mtu anajua. Hufungua duka kabla ya kanisa la Kikatoliki kupiga kengele na hufunga wa mwisho. Hata Krismasi anauza. Kwa Kiswahili, sentensi ya Nyaboke ni uongo. Basi nikaisikiliza kwa lugha yake ya nyumbani. Baba. Mama yake. Anapumzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mimi nilikuwepo tulipomfukia.

Nikasimama nikasema baba huyo ni mama yake marehemu. Onchiri akacheka kwanza, wengine wakafuata.

"Mwalimu, sasa unasahihisha hadi video? Mpe maksi basi!"

"Muulizeni Mokaya binti yake humwitaje."

"Msichana ameongea Kiswahili sanifu. Baba ni baba. Si ndivyo wewe unafundisha?"

Wakacheka zaidi. Alinishika pabaya, nakubali. Ndivyo ninavyofundisha. Duara jekundu kila mwaka.

Bosibori hakucheka.

Jumapili, 16 Februari

Masimba. Nilimkuta Mokaya akimwonyesha mteja ile video, simu juu ya gunia la mbolea. Kila anayeingia lazima aitazame. Alifurahi kuniona. Akaniita mwalimu wa bingwa.

Nikamuuliza, "Nyaboke huwa anakuitaje?"

"Tata."

"Hata akiongea Kiswahili?"

"Hata Kizungu, Mwalimu. Alileta wenzake wa chuo hapa, wote wakaanza kuniita Mista Tata." Akacheka. "Mimi sijawahi kuitwa baba kwa hii nyumba. Baba yao tulimzika, si wewe ulikuwa..."

Akairudisha video mwanzo. Akaisikiliza ameiweka simu sikioni kama mtu anayepigiwa. Kisha akashusha mlango wa duka, jua likiwa utosini, watu wa soko wakishangaa.

"Mwalimu," akasema, "mtoto wangu anasema amezikwa."

Nimeshinda mabishano mengi maishani. Hili sikutaka kulishinda.

Jumanne, 18 Februari

Simu imeshika baada ya kujaribu tangu juzi. Tulikuwa nyuma ya duka: Mokaya, mimi, Bosibori. Nilimwomba Bosibori aje. Sikumlazimisha.

Nyaboke alianza kwa Kiingereza. Kila kitu kizuri, wanafunzi wazuri. Nyuma yake mtu alikuwa akikohoa, yuko pale kumsikiliza. Mokaya hakugombana naye. Akamsalimu kwa Ekegusii, taratibu, kama anauliza habari za mvua, na kati ya salamu akatia maswali yangu matatu. Naye akajibu kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua.

Pasipoti iko kabatini kwa mwenye shule. Viza ya utalii iliisha zamani na haikubadilishwa, kwa hiyo akienda polisi atakamatwa yeye. Aliugua homa na akafundisha hivyohivyo. Mchana darasani, jioni kufua na kupika kwa familia ya mwenye shule. Mshahara ulikuja nusu, kisha ukakoma. Yule mkurugenzi wa Masimba ana pacha Asia. Video aliirekodi ili arudishiwe simu.

"Nilijua mtu mmoja atasikia," alisema. "Nilidhani itakuwa haraka."

Kisha Kiingereza tena, kicheko, na laini ikakatika.

Mokaya aliketi juu ya gunia. Bosibori akaenda kusimama nje. Sikumfuata.

Jumatano, 19 Februari

Mokaya amepiga ripoti polisi Kisii, kisha akapanda basi kwenda Nairobi kubisha hodi wizarani. Ofisi ya wakala imefungwa. Mwenye magodoro anasema kijana amesafiri.

Bosibori alikwenda mwenyewe kwa Onchiri na kumweleza yote. Jibu: watamkumbuka Nyaboke katika maombi. Michango itakaa kwa kamati mpaka apatikane wakala mwingine. Alisema hivyo. Wakala mwingine.

Hawa si watu wabaya. Hilo ndilo linaloniuma. Nyaboke akifa kule, watachanga kwa siku moja kuuleta mwili. Gari litakodishwa, sare zitashonwa, hotuba zitasomwa, maana hakuna Mgusii anayekubali mtoto wake alale katika ardhi ya wageni. Maiti tunairudisha kwa gharama yoyote. Aliye hai tunamwambia avumilie.

Jumapili, 23 Februari

Mvua tangu asubuhi. Majani ya chai yanang'aa. Paa linavuja mahali palepale, sufuria chini yake.

Bosibori bado anataka kwenda. Si kule. Amepata shule nyingine, nchi nyingine, mshahara mara mbili tu ya wangu. Aliwapigia simu nikiwa nimeketi pembeni. Akawauliza yeye mwenyewe. Wakajibu: pasipoti utakaa nayo. Kibali cha kazi kitatoka kabla hujapanda ndege. Bima ya matibabu ipo. Akaomba namba ya mwalimu mwingine wa Kenya aliyeko huko, na akasema atazungumza naye kwa Kiswahili, si Kiingereza. Wakasema sawa. Amewaambia atasubiri kibali, hata kikichelewa. Nauli atatafuta mwenyewe, hataki ya kamati.

Ninaogopa. Sitamzuia. Sina cha kumpa hapa kinachozidi hicho.

Sasa hivi ameniita kutoka jikoni. "Baba, chai iko tayari." Nimelisikia neno hilo tofauti.

Sabato ijayo nitasimama kanisani. Nayaandika hapa kwanza ili hasira isije ikaninyang'anya maneno. Onchiri, na ninyi wote mlioinua mikono siku ile: Bosibori hahitaji tiketi yenu. Lakini mliahidi mbele ya madhabahu, na ahadi ipo. Igeuzeni. Tiketi itoke huko, ije hapa. Jina la kuandikwa juu yake ni Nyaboke Mokaya, na lazima awe amekaa kwenye kiti, si kulala ndani ya jeneza.