Mtani Wangu Amefia Vitani, Nami Nasubiriwa Matangani

Mshauri mpendwa, shikamoo. Anayekuomba msaada ni kijana ambaye kutoka Kisarawe hadi Ruvu hakuna anayemzidi mdomo, nimewahi kumchekesha mkaguzi wa shule mpaka akasahau kilichomleta, na ingawa niliishia darasa la saba serikali yenyewe imeona nafaa kuwa mwalimu, ikanileta chuo kimoja hapa Kibaha tufundishwe harakaharaka, na mwezi huu tunahitimu.

Mlezi wa darasa letu alikuwa Mwalimu Mashaka, Mnyamwezi, na mimi Mzaramo, kwa hiyo watani, akiingia darasani nasema, "Mpagazi kafika, mtwisheni mzigo," naye ananijibu, "Mzaramo, ngoma imeisha mapema leo, mbona umekuja kusoma?" darasa hoi kwa kicheko, na mkewe, mama Stellamaris, akinikuta Kongowe huniambia, "Mtani, ukoko wako upo."

Basi vita vya Kagera vikaja, Mwalimu akajitolea, na wiki iliyopita tumeletewa habari kwamba ameuawa na amezikwa hukohuko, sasa mama Stellamaris ameweka matanga na kila siku anaulizia mtani yuko wapi, maana wewe unajua mtani ndiye wa kumwigiza marehemu, kuwachekesha wafiwa na kudai kuku wake, na wenzangu wahitimu wananiambia, "Mwinyijuma, kazi yako hiyo, mdomo umeuweka wapi?" nami nimejificha Tangini kwa shangazi, nasema nina homa.

Homa sina. Kabla hajajiandikisha Mwalimu alikuja bwenini, akaniita nje, akasema, "Leo tuache utani. Nimeambiwa naweza kubaki niwalee mpaka mhitimu. Nina watoto wadogo. Wewe waonaje, niende?" Wenzangu walikuwa dirishani wanasikiliza, nikaogopa kuonekana mnyonge, nikamjibu, "Nenda bwana, ukifa nile kuku wako." Akashukuru, akaenda zake.

Mwinyijuma, Tangini

JIBU: Mdogo wangu, pole kwa msiba. Kwa mdomo wako sina pole. Utani una mpaka, na mtani wako aliutaja kwa maneno wazi, ukauruka ili kuwafurahisha wavulana wa dirishani. Usitarajie nikuambie kwamba angekwenda tu. Huenda angekwenda, huenda angebaki. Aliyejua hayupo, nawe utazeeka bila kujua.

Lakini yule mama hana hata kaburi la kwenda kupalilia, na wewe unamnyima mtani? Acha homa ya uongo. Nenda kesho asubuhi. Chota maji, pasua kuni, mwigize Mwalimu alivyotembea na alivyokohoa, watoto wake wamwone tena kidogo. Pengine hatacheka mtu. Igiza hivyohivyo. Kuku usidai, na ukipewa usipokee. Wala usijitangaze mbele ya waombolezaji ili wakuonee huruma. Msiba si wako.

Matanga yakishaanuliwa na watu wakitawanyika, mwombe mama Stellamaris akusikilize. Mweleze swali la mumewe na jibu lako, neno kwa neno. Msamaha usiuombe siku hiyo, usimtwishe na huo. Akikufukuza, ondoka. Akikuuliza mumewe alikuwa na uso gani uliposema vile, mjibu. Hilo hata mimi hukuniandikia.