Kifaa cha Mguuni

Jumanne, Msambweni. Rasharasha tangu asubuhi. Nimerudi na hasira zangu na sina wa kuzimwagia, basi nazimwaga hapa.

Leo nilitumwa Bodo kumvua mtoto wa watu kifaa.

Kampuni iliyoniajiri imetengeneza kifaa kidogo cha kumvalisha mtoto mchanga mguuni. Kinafuatilia pumzi, ikikatika, kinalia. Kazi yangu imekuwa kuketi na akina mama na kuwauliza wanakitaka vipi. Mkanda wa plastiki waliukataa, ulikuwa ukichubua ngozi. Wakataka kitambaa cha leso. Taa ya buluu ikafichwa, maana kila mgeni akiingia huuliza mtoto ana nini. Na Mwanasha, ambaye kifungua mimba wake alifariki usingizini, alishikilia neno moja: kikianza kulia kisinyamaze chenyewe. Mtu aamke, akizime kwa mkono wake.

Yote yalifuatwa. Wakubwa wakapiga makofi, wakawaambia hiki ni chenu. Mimi ndiye niliyetafsiri, tena kwa furaha, mjinga mimi.

Sasa majaribio yamekwisha. Kifaa kitauzwa ng'ambo kwanza, na vya majaribio vyote virudishwe. Niliomba cha Mwanasha kibaki angalau mpaka mtoto aanze kutambaa, kwa kuwa huyu naye alizaliwa njiti. Nikajibiwa nisichanganye kazi na huruma.

Nilimwamkia mama mkwe wa Mwanasha shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanitilia chai. Alidhani nimekuja kumtazama mtoto kama kawaida. Nilipoeleza, aliitua birika chini.

"Si mlisema ni chetu?"

Nikatazama kikombe.

Mwanasha hakubishana. Heri angenitukana. Alimpakata mwanawe, akaufungua mkanda mwenyewe, taratibu, asimkwaruze.

Kikaanza kulia.

Ndivyo kilivyoundwa; kikikosa pumzi, kinalia. Mtoto yuko macho, anatutazama, anarusha miguu. Na mamake, ambaye anajua fika kwamba ni mkanda tu umevuliwa, akamwekea kiganja kifuani. Akauacha mkono pale pale. Kifaa kikaendelea kulia katikati yetu, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Nilikizima mimi.

Nilipoaga, kiganja cha Mwanasha kilikuwa bado kifuani kwa mtoto. Najua ndivyo atakavyokesha leo, na kesho, na mimi nimejifunika shuka langu hapa. Kifaa kimo mkobani, kimya. Mkanda bado unanukia mafuta ya nazi ya yule mtoto.

Kesho nimepangiwa Kikoneni, kwa mama mwengine. Atanipokea kwa bashasha, atanitandikia mkeka, atamleta mtoto nimpakate.

Nitamtazama kwa macho gani?