Nilimwambia Si Mimi

Jumanne. Baridi na tope. Theluji ya wiki jana imebaki vichuguu vyeusi kando ya maegesho, na mimi nimerudi kutoka kazini nikijionea aibu.

Mama Riziki ni Mkongomani. Tunapanga mizigo pamoja kwenye ghala moja huku Eagan, Minnesota. Leo wakati wa breki alinifuata nilipokaa, akanionyesha picha kwenye simu: kijana ameinua bendera ya upinde wa mvua, mdomo wazi, anapaza sauti.

“Ndugu Brayo, huyu si wewe?”

Ni mimi. Miaka ile mimi na rafiki yangu Achieng tuliongoza hapa hapa kikundi cha mashoga na wasagaji wa Afrika Mashariki, tukiandamana kudai haki zetu. Kisha watu wa kanisa wakaanza kumpigia mama yangu simu Nakuru. Nikaacha. Nilijiambia nimechoka.

Sikuwa nimechoka. Niliogopa.

“Si mimi,” nikasema. Na nikacheka.

Akairudisha simu mfukoni taratibu. “Pole, ndugu. Nilitafuta mutu wa kuongea na Riziki. Alisema anapenda wasichana, wakamutoa kwaya. Mimi siwezi kumufukuza, ni mutoto yangu. Lakini ananijibu tu Kingereza, kisha anajifungia.”

Akarudi kazini.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kumbe mama wa watu alikuja kuomba msaada.

Shifti ilipoisha nilimkuta mlangoni akingoja lifti ya kwenda nyumbani. Wenzetu walikuwa wanapita, baadhi yao Wakenya wenzangu. Nikasema kabla sijabadili nia: “Mama Riziki, yule ni mimi. Nilikudanganya. Nisamehe.”

Akanigeukia.

“Kama wewe mukubwa unaogopa, Riziki atafanya je?”

Nikampa namba yangu, ampe binti yake.

Riziki ameniandikia jioni hii. Hakusalimia. Ameuliza kama ni kweli kuna Waafrika wengine kama yeye hapa Minnesota.

Nimeusoma ujumbe huo nikiwa bado na jaketi. Enzi zile tulikuwa tukijaa sebule nzima kwa Achieng, kule Columbia Heights. Tukatawanyika kwa sababu mimi niliacha kupokea simu, na huyu mtoto amekua akidhani yuko peke yake.

Nimempigia Achieng, nikamwambia kuna msichana anatutafuta, tukutane tena. Nilitarajia anifokee. Ameuliza tu, “Lini?”

Jumamosi, nimemwambia. Riziki naye nimemjibu: tupo. Njoo na mama.

Naona haya bado. Lakini nitakwenda nayo hivyo hivyo.